DCPIP, iodini au HPLC: njia ipi ikupimie vitamini C ya beri zako?

"Mwanangu, hizi forosadi nimezichuma leo alfajiri. Nataka kujua vitamini C yake, niiandike kwenye lebo ya jamu. Sasa pale mapokezi wameniuliza nipimiwe kwa njia gani. Mimi nitajuaje?"

Mama yule msindikaji alikuwa na haki ya kushangaa. Swali lake ni lile lile analoniletea mwanafunzi anayeandaa utafiti wa mwaka wa mwisho, mwalimu wa kemia wa sekondari, na mkulima wa stroberi anayetaka kuingiza mzigo supamaketi. Mara nyingi hujibiwa kwa kutazama maabara ina kifaa gani, wakati kilichotakiwa kutazamwa kwanza ni tunda lenyewe. Baada ya miaka ya kusimama mbele ya bureti, ile neli ya kioo ya kudondoshea kemikali, msimamo wangu ni huu: kwa matunda ya jamii ya beri, chagua njia kwa rangi ya juisi yake, kisha kwa muda uliopita tangu lichumwe. Bei ya mashine ije baada ya hayo mawili.

Nalinganisha hapa njia nne ambazo mtu wa Afrika Mashariki anaweza kuzifikia kweli: taitresheni ya iodini, yaani kudondosha kemikali yenye nguvu inayojulikana hadi rangi ibadilike; taitresheni ya DCPIP, kemikali ya rangi ya bluu; njia za spektrofotomita, kifaa kinachopima ukolevu wa rangi kwa mwanga; na HPLC, mashine inayotenganisha vilivyomo ndani ya juisi kimoja kimoja. Nazungumzia vitamini C peke yake. Beri zina vitamini nyingine, kwa mfano foleti kwenye stroberi, lakini foleti hupimwa kwa kuotesha bakteria wanaoihitaji ili wakue, na hiyo ni kazi ya maabara ya aina nyingine kabisa.

Kinachopimwa ni vitu viwili, si kimoja

Ndani ya tunda, vitamini C iko katika sura mbili. Ya kwanza ni asidi askobiki. Ikikutana na oksijeni, na hasa pakiwa na joto na chembe za shaba, inapoteza haidrojeni mbili na kuwa asidi dehidroaskobiki. Mwili una uwezo wa kuirudisha katika sura ya kwanza, kwa hiyo nayo huhesabiwa kuwa vitamini. Ila isipowahiwa, pete yake hufunguka, na hapo uvitamini umekwisha, haurudi tena.

Stroberi iliyochumwa asubuhi na kupimwa mchana karibu yote ni sura ya kwanza. Stroberi iliyolala kwenye friji siku kadhaa, unga wa beri zilizokaushwa, au juisi iliyofunguliwa jana, huwa na sehemu kubwa zaidi ya sura ya pili. Taitresheni zote mbili, ya iodini na ya DCPIP, haziioni sura ya pili hata kidogo. Kwa tunda bichi kosa hilo ni dogo, unaweza kuishi nalo. Kwa tunda lililokaa, unamdhulumu mkulima kwa kumwambia vitamini haipo, kumbe ipo na mwili ungeitumia.

Jambo jingine ni wingi. Jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambalo wengi tunajipimia nalo, linatoa kwa gramu 100 za tunda bichi: kurranti nyeusi miligramu 181, stroberi 58.8, forosadi 36.4, rasiberi 26.2, blakiberi 21, zambarau 14.3, bluberi 9.7. Chungwa, kwa kulinganisha, lina 53.2. Ziangalie vizuri namba hizo. Kati ya kurranti na bluberi tofauti ni karibu mara kumi na tisa, na njia inayotosha kwa moja inaweza kukuangusha kwa nyingine.

Iodini: ya darasani, na yenye heshima yake

Hii ndiyo ya bei nafuu kuliko zote. Iodini hula asidi askobiki moja kwa moja. Ikishamaliza, tone linalofuata hukutana na wanga uliouweka kwenye chupa na papo hapo rangi inakuwa bluu iliyoiva, karibu nyeusi. Wanga ni uji mwepesi tu wa wanga wa mahindi au wa mhogo, uliopoa. Hesabu yake nayo ni nyepesi: mililita moja ya iodini ya 0.005 mol/L ni sawa na miligramu 0.88 za vitamini C.

Iodini iliyoyeyushwa haitulii chupani, nguvu yake hupungua. Ndiyo maana mimi hupendelea kutumia ayodeti ya potasiamu, chumvi yenye iodini ndani yake. Unapima gramu 0.214, unaijazia maji yaliyokenekwa hadi lita moja, halafu kwenye chupa ya sampuli unaweka iodaidi ya potasiamu na asidi. Iodini inazaliwa pale pale bureti inapodondosha. Kwa mchanganyiko huo mililita moja ni miligramu 0.528. Maabara zinazopima madini joto kwenye chumvi zinaijua kemia hii kama viganja vyao, maana chumvi yetu huwekewa ayodeti hiyo hiyo. Kama maabara ya wilayani kwako inapima chumvi, bureti, wanga na kemikali tayari wanazo.

Udhaifu wake ni kwamba iodini haichagui. Chochote kwenye juisi chenye tabia ya kutoa elektroni kinaweza kuliwa pamoja na vitamini, na beri zimejaa vitu vya jamii hiyo. Ule ukakasi wa zambarau unaobaki ulimini ni tanini, na tanini ni mojawapo ya vinavyoweza kuivuta namba ipande. Na ile bluu nyeusi ya wanga, ukiitafuta ndani ya juisi iliyokwisha kuwa nyeusi, utaipita bila kujua.

Kwa mwalimu: tumia njia hii, tena kwa stroberi au kwa chungwa, na wanafunzi watajifunza mengi. Kwa anayetaka namba ya kuandika kwenye lebo: hapana.

DCPIP: njia ya rangi, na rangi ndiyo mtihani wake

Jina lake refu ni 2,6-diklorofenolindofenoli, na hakuna anayelitamka benchi. Wengine huiita njia ya Tillmans, kwa jina la mkemia wa vyakula wa Ujerumani. Imo katika mbinu rasmi za AOAC, chama cha kimataifa cha wachambuzi wa maabara, kwa namba 967.21, na kiwango cha kimataifa cha ISO 6557-2 cha mwaka 1984 nacho kinaitambua kwa matunda na mboga.

Ukiwa na DCPIP mkononi unaona bluu nzito. Ikidondoka kwenye asidi ingegeuka waridi, lakini asidi askobiki inaiwahi na kuifanya isiwe na rangi. Unaendelea kudondosha, tone linaingia na kupotea, linaingia na kupotea. Kisha tone moja linaingia na waridi hafifu linabaki. Likidumu sekunde tano, simama, soma bureti.

Nikupe mfano wa mkono mmoja hadi mwingine. Gramu 20 za stroberi zimesagwa ndani ya asidi ya metafosforiki na kujazwa hadi mililita 100. Nachukua mililita 10, ambamo mna gramu 2 za tunda. Kabla ya hapo nimeipima nguvu ya rangi kwa asidi askobiki safi: miligramu 2 zimekula mililita 14.3 baada ya kutoa za blanki (kipimo kile kile kikifanywa bila vitamini), kwa hiyo kila mililita ya rangi ni miligramu 0.14. Sampuli yangu inakula mililita 8.1, nazo pia blanki ikiwa imetolewa. Mara 0.14 ni 1.134. Hizo ni za gramu 2, kwa hiyo gramu 100 zina miligramu 56.7. Naitazama namba ya jedwali, 58.8, na moyo unatulia.

Sasa fanya hivyo hivyo kwa zambarau. Hapa ndipo niliposhindwa mara ya kwanza, na sijasahau. Lugha yetu yenyewe imelipa tunda hili heshima ya kuita rangi kwa jina lake, na rangi hiyo ni anthosianini, ambayo ndani ya asidi hugeuka nyekundu kama juisi ya rosela. Yaani chupa inaanza ikiwa na rangi ile ile ambayo natakiwa kuisubiri mwishoni. Nilidondosha, nikainua chupa dirishani, nikaiweka juu ya karatasi nyeupe, nikadondosha tena. Mwenzangu akasema imefika. Mimi nikasema bado. Kati ya macho yake na yangu kulikuwa na mililita 0.3.

Mililita 0.3 zinaonekana kitu kidogo. Zizidishe kwa 0.14, ugawe kwa gramu 2, utapata miligramu 2.1 kwa kila gramu 100. Kwa stroberi yenye 57, hilo ni kosa chini ya asilimia 4. Kwa bluberi yenye 9.7, ni zaidi ya moja ya tano ya jibu lote. Mtu mmoja, sampuli moja, kosa moja la jicho; kwenye tunda moja halikusumbui, kwenye jingine linaharibu kazi nzima.

Wapo wanaojaribu kuiondoa rangi kwanza. Kijana mmoja wa mafunzo alishauriwa aweke mkaa amilifu kwenye juisi ya forosadi ili iwe nyeupe. Ikawa nyeupe kweli, ya kupendeza, akapata vitamini C sifuri. Mkaa huo huioksidisha asidi askobiki na kuwa dehidroaskobiki. Katika njia ya fluoresensi, inayopima mng'ao wa sampuli, huwekwa makusudi kwa kazi hiyo. Kuzimua juisi kunasaidia kidogo, lakini unazimua na vitamini pia, na kwa tunda maskini hubakiwi na cha kupima.

DCPIP ina maadui wengine: chuma cha feri, bati lililoyeyuka kutoka kwenye kopo, na sulfaiti inayowekwa kwenye juisi na matunda makavu ili yasiharibike. Sulfaiti ndiyo ya kuogopa zaidi, maana nayo inaifuta rangi na kukupa vitamini isiyokuwepo. Ukiwa na wasiwasi, asetoni huongezwa ili iifunge sulfaiti kwanza. Na kama mtengenezaji ametia asidi ya erithobiki, E315 kwenye orodha ya viungo, taitresheni itaihesabu kuwa vitamini C ilhali nguvu yake ya uvitamini ni ndogo sana. Kwa hiyo soma orodha ya viungo kabla ya kujaza bureti.

Kwa stroberi mbichi, kwa physalis ile ya njano ambayo Kenya huitwa nathi, kwa beri yoyote ambayo juisi yake ikizimuliwa kidogo inapitisha mwanga, hii ndiyo njia ningeichagua hata kama HPLC iko chumba cha pili. Ni ya haraka, na tunda halipati muda wa kuharibika likisubiri foleni ya mashine.

Zaileni inayoitenganisha rangi na rangi

Watu wengi huruka kutoka DCPIP moja kwa moja hadi HPLC bila kujua kuna daraja katikati. Watafiti Robinson na Stotz waliieleza mwaka 1945, na ISO 6557-2 ile ile inaitaja kwa ajili ya bidhaa zenye rangi.

Badala ya kusubiri waridi ndani ya wekundu, unaweka DCPIP ya ziada, kiasi unachokijua. Vitamini inakula sehemu yake. Iliyobaki unaivuta kwa zaileni, kimiminika kisichochanganyika na maji: unamimina, unatikisa, unaacha itulie. Zaileni ni nyepesi kuliko maji, inapanda juu, na DCPIP inapanda nayo. Anthosianini inapenda maji, inabaki chini. Mara ya kwanza kuiona nilisimama tu nikaitazama: chini zambarau iliyokolea, juu waridi safi kama ua, na mstari katikati kama umechorwa kwa rula. Waridi lile la juu unalisoma kwenye spektrofotomita kwenye nanomita 500. Kadiri lilivyo hafifu, ndivyo vitamini ilivyokuwa nyingi.

Gharama yake ni spektrofotomita ya kawaida, ambayo vyuo vingi wanayo, na zaileni. Zaileni inashika moto na mvuke wake unaumiza. Bila kabati la kufyonza hewa usiifungue. Na bado haioni dehidroaskobiki. Lakini kwa forosadi, zambarau na blakiberi mbichi, katika maabara isiyo na HPLC, sijaona njia inayoishinda kwa haki na kwa bei.

Spektrofotomita hiyo hiyo hubeba njia nyingine, ya DNPH (kemikali inayoungana na dehidroaskobiki na kutoa rangi), ya watafiti Roe na Kuether ya mwaka 1943. Unaioksidisha vitamini yote makusudi iwe dehidroaskobiki, unaiunganisha na DNPH kwa saa kadhaa kwenye nyuzi 37, unaongeza asidi ya salfuriki ya asilimia 85 huku chupa iko kwenye barafu, na unasoma wekundu unaotokea karibu na nanomita 520. Uzuri wake ni kwamba inahesabu sura zote mbili. Ubaya wake ni asidi kali, DNPH ambayo ikikauka inaweza kulipuka, na sukari. Jamu imejaa sukari, na sukari ikizidi nayo inaweza kuungana na DNPH na kujifanya vitamini. Kwa beri zilizokaushwa, na blanki ya kila sampuli peke yake, inafaa. Kwa jamu siipendekezi.

HPLC: inaona vizuri, ikipewa kitu cha kuona

HPLC haihangaiki na rangi. Juisi iliyochujwa inasukumwa kwa shinikizo ndani ya kolamu, bomba jembamba lililojazwa chembe laini (mara nyingi za aina ya C18), na kila kitu kinatoka kwa wakati wake. Asidi askobiki haishiki sana kwenye kolamu hiyo, inatoka mapema. Anthosianini zinachelewa nyuma. Kigunduzi cha mwanga wa urujuanimno kwenye nanomita 245 kinaiona ikipita na kuchora mlima kwenye skrini. Unalinganisha na milima ya asidi askobiki safi ya viwango vitano tofauti, basi.

Dehidroaskobiki kwenye mwanga huo karibu haionekani. Kwa hiyo sampuli hupimwa mara mbili: kama ilivyo, halafu baada ya kutiwa kitu cha kuirudisha katika sura ya kwanza. Kiwango cha Ulaya cha EN 14130 cha mwaka 2003 kinatumia sisteini, maabara nyingine hutumia kemikali za DTT au TCEP. Tofauti ya namba mbili ndiyo dehidroaskobiki. Kati ya njia nilizozitaja, kama nilivyozieleza, ni hii peke yake inayokupa sura zote mbili kila moja na namba yake. Kolamu ikichaguliwa vizuri, hata erithobiki huitenga.

Gharama ya mashine ni ya kununua gari, na haiishii hapo. Kolamu huchoka, vimumunyisho lazima viwe safi sana, umeme ukikatika katikati ya foleni ya sampuli ishirini, zile za mwisho zinakaa zikisubiri na vitamini yake ikipungua. Mtu wa kuiendesha lazima ajue mlima gani ni wa vitamini na upi ni wa kitu kingine kilichotoka karibu nao. Nimewahi kuona ripoti nzuri ya HPLC, yenye desimali mbili, ya stroberi zilizosagwa kwa maji matupu na kuachwa mezani hadi baada ya chakula cha mchana. Mashine ilipima vizuri kabisa kilichobaki.

Kwa vijiti vya karatasi vinavyosomwa na kifaa kidogo cha mkononi nasema machache tu: shambani vinasaidia kuchagua mche upi upelekwe maabara. Juisi nyeusi navyo inavisumbua.

Dakika tano za kwanza

Hapa ndipo tofauti kubwa kati ya maabara na maabara inapotokea, na njia zote nne zinaanzia hapa. Ukilisaga tunda, unavunja kuta za seli, na vimeng'enya vilivyokuwa vimetengwa na vitamini vinakutana nayo, hewa ikishuhudia. Asidi lazima iwe ndani ya blenda kabla ya tunda. Metafosforiki ya asilimia 3 ndiyo rafiki wa kweli: inavilaza vimeng'enya, inazigandisha protini na kuzishika chembe za shaba na chuma. Ihifadhi kwenye friji na uitengeneze upya kila wiki, maana taratibu hugeuka kuwa fosforiki ya kawaida na kupoteza sifa hiyo. Ikikosekana, asidi ya oksaliki hutumika.

Beri zilizogandishwa zisiyeyushwe kwanza. Zipimwe zikiwa mawe na zisagwe zikiwa mawe, ndani ya asidi baridi. Chupa zifungwe foili. Sufuria ya shaba isisogee karibu, hata ile nzuri ya jamu. Na kabla ya kuamini maabara yoyote, omba wafanye jaribio la kurudisha: waongeze kiasi cha asidi askobiki wanachokijua kwenye sampuli yako na waone kama kinarudi chote. Wakipata asilimia 70, ujue na ile ya tunda imepotea vivyo hivyo.

Lebo, na ile miligramu 12

Kwa mwanafunzi anayelinganisha aina mbili za stroberi, kosa la miligramu mbili linaweza kuvumilika akirudia mara tatu. Kwa anayeuza, hesabu ni nyingine. Chini ya kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1169/2011, kiasi cha rejea cha vitamini C ni miligramu 80 kwa siku, na chakula kisichokuwa kinywaji kinatakiwa kiwe na asilimia 15 yake, yaani miligramu 12 kwa gramu 100, ili kihesabiwe kuwa na kiasi cha maana. Zambarau ya jedwali ina 14.3. Toa kosa la jicho la 2.1 nililokueleza, unabaki na 12.2. Umesimama ukingoni, na kwa bechi iliyokomaa vibaya au iliyokaa juani umeshaanguka. Tunda la namna hiyo halipimwi kwa kubahatisha waridi ndani ya wekundu. Stroberi yenye 57 iko mbali sana na ukingo. DCPIP yoyote iliyofanywa kwa uangalifu itakuambia ukweli unaouhitaji.

Namba isiyo ya kweli kwenye lebo ina bei. Mwaka 2004 huko New Zealand, wanafunzi wawili wa miaka 14 walipima vinywaji vya matunda kwa jaribio la sayansi la shule. Walishangaa kukuta kinywaji cha Ribena, kilichotangazwa kwa sifa ya kurranti nyeusi kuwa na vitamini C mara nne ya machungwa, kina vitamini kidogo mno. Tume ya Biashara ya nchi hiyo ililifuatilia. Mwaka 2007 kampuni ya GlaxoSmithKline ilikiri mashtaka 15 mahakamani Auckland na kutozwa faini ya dola 217,500 za huko. Sifa ya tunda bichi haikuwa mbali na ukweli; kilichokuwa kwenye pakiti ni kitu kingine. Kwa hiyo kinachoandikwa kwenye lebo kipimwe kwenye bidhaa iliyofungwa, na kipimwe tena bidhaa ikikaribia tarehe yake ya mwisho, maana vitamini C huendelea kupungua ndani ya chupa.

Nilichomwambia mama

Nilimweleza kwamba ana maswali mawili, na kila moja lina njia yake. Forosadi mbichi, ambazo anataka kujua kama za mti wa nyuma ya nyumba ni bora kuliko za jirani, tutazipima kwa zaileni hapa hapa. Zilikuwa zimekuja kwenye kikapu kwa daladala, zimebonyezana, maji meusi yamelowesha gazeti chini. Hizo sikuzipokea, na nilimwambia kwa nini. Jamu yake ni habari nyingine: imechemshwa, ina sukari nyingi, imekaa. Nilimwandikia kwenye fomu ya maabara yenye HPLC: asidi askobiki na dehidroaskobiki, kila moja na jumla, chupa tatu za bechi moja ambazo hazijafunguliwa, pamoja na jaribio la kurudisha.

"Na ikitoka kidogo?"

"Basi lebo itasema ni jamu ya forosadi, mama. Ni tamu, itanunuliwa."

Jumanne iliyofuata alifika mapema, hata kabla umeme wa jengo haujawashwa. Safari hii alikuwa na ndoo yenye barafu, na ndani yake mifuko miwili iliyofungwa foili, mmoja umeandikwa "wangu", mwingine "jirani". Asidi ilikuwa tayari kwenye blenda.